Ua wa kwanza uwe wa mbwa

WAHENGA walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wangu mimi ulikuwa chini ya geti, mpana kama shubiri moja, na niliuona kila alfajiri nilipotoka Muyinga kwenda Kobero kupokea mzigo. Kila alfajiri nilijiambia nitauziba Jumapili. Jumapili zikapita nyingi. Siku moja ya kiangazi mbwa wangu alichimba kidogo tu mahali palepale, akapita, akamkuta mtoto wa jirani akirudi kuteka maji, akamng'ata mguu.

Niliporudi jioni nilikuta mama watoto amekwisha fanya lile ambalo mimi nisingelikumbuka. Alikuwa ameliosha jeraha kwa sabuni na maji ya kumiminika, muda wa robo saa nzima, mtoto akilia na majirani wakimwambia inatosha. Baadaye mganga alituambia kwamba kitendo kile kilikuwa nusu ya tiba. Kituo cha kwanza tulichofika hakikuwa na dozi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Tulikodi pikipiki, tukaenda kingine, tukaipata.

Baba wa mtoto hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Aliniuliza maswali mawili tu. La kwanza: "Ndugu yangu, mbwa wako amechanjwa?" Sikuwa na cheti cha kumwonyesha. La pili: "Na kuanzia leo usiku, utamweka wapi?" Nikanyamaza. Kiwanja changu kina geti la chuma, kina ukuta wa matofali ya kuchoma upande wa barabara, lakini hakikuwa na mahali hata pamoja pa kumweka mbwa mmoja nikawa na hakika kwamba kesho nitamkuta.

Ndugu msomaji, swali hilo la pili ndilo lililonifanya niandike makala haya. Utaratibu wa madaktari unasema kwamba mbwa aliyemng'ata mtu, kama anaweza kushikwa, awekwe chini ya uangalizi kwa siku 10. Akibaki mzima kwa siku hizo zote, basi siku ile alipong'ata hakuwa na virusi vya kichaa katika mate yake. Akibadilika, akaanza kutoa udenda, kuyumba au kung'ata hovyo, basi inajulikana. Tiba ya aliyeng'atwa haisubiri siku hizo hata kidogo, inaanza mara moja. Lakini zile siku 10 zinamwambia daktari kama kuna haja ya kuendelea, na zinampa mzazi usingizi.

Sasa hebu tujiulize, ni nyumba ngapi katika mitaa yetu ya Muyinga na Gitega zinaweza kumtunza mbwa siku 10 bila yeye kutoka na bila mtu kumkaribia? Kwa kuwa hatuna mahali, tunalofanya ni kumpiga mbwa mawe mpaka afe na kumfukia. Tunaona tumemaliza shauri, kumbe tumefukia jibu.

Nasema hivi kwa sababu sisi tuliorudi kutoka Tanzania, na sisi tunaoishi kwa biashara ya mpakani, tuna tabia moja. Tukipata faranga za kwanza tunaanza kuzungusha ukuta. Ukuta wa mbele kwanza, kwa sababu ndio unaoonekana na wapita njia. Kisha geti. Pande nyingine zinasubiri msimu ujao, na msimu ujao haufiki. Ndani ya kiwanja hicho chenye upande mmoja tunamfungua mbwa na kumwambia linda. Maoni yangu ni kwamba tumeanza kinyume. Ua wa kwanza unaostahili pesa zetu ni ua mdogo, kamili, wa mbwa mwenyewe. Ule wa kiwanja ufuate baadaye.

Najua watakaocheka. Katika nchi ambayo watu bado wanahangaika na bati la kuezekea, mtu anazungumzia nyumba ya mbwa! Lakini mbwa tayari tunaye. Mfanyabiashara anayeondoka saa kumi alfajiri na kurudi usiku, mchele na sabuni zikiwa ndani, hawezi kulala bila mbwa. Mkimbizi aliyerudi akapewa kiwanja pembeni mwa kilima, ambapo taa ya jirani wa karibu ni mbali, naye anamhitaji. Hoja si kama tufuge au tusifuge. Hoja ni kwamba tunaye mnyama mwenye meno, na hatujui usiku yuko wapi.

Wazee wetu walilijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Katika Kirundi, neno urugo lina maana ya ua na lina maana ya nyumba na watu wake kwa pamoja. Kijana akioa husemwa amejenga urugo. Aliyefika Gishora, nje kidogo ya Gitega, kwenye ngoma za kifalme ambazo UNESCO iliingiza ngoma yake ya ibada katika urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2014, ameona jinsi makazi ya kale yalivyozungushwa. Mtu, ng'ombe na mbwa walikuwa ndani ya mzunguko mmoja usio na upande wazi. Miti ilipandwa katika uzio, na mmojawapo, ule wenye maua mekundu unaoitwa umurinzi, yaani mlinzi, uliheshimiwa katika ibada za Kiranga. Mzunguko ule ulifungwa kila jioni.

Leo mzunguko kama ule haumo katika uwezo wa wengi wetu. Burundi ni miongoni mwa nchi zenye msongamano mkubwa wa watu barani Afrika, na ardhi imegawanywa mpaka imebaki vipande. Kwa aliyerudi kuna jambo zito zaidi. Waliokimbia mwaka 1972 walipoanza kurudi kwa wingi, walikuta watu wengine wamekaa katika mashamba yao, wengine kwa miaka zaidi ya 30 na kwa karatasi. Tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, CNTB, ilianza kazi mwaka 2006 na muda wake ukaisha mwaka 2022, na mashauri mengi yalikuwa machungu. Sheria ya ardhi ya mwaka 2011 ilileta hati za ardhi zinazotolewa katika tarafa, lakini si kila mtu anayo.

Katika hali hiyo, ukuta kwenye mpaka wa kiwanja ni maneno. Unaposimamisha matofali mahali ambapo jirani anasema ni pake, umemwambia kwamba shauri limekwisha na wewe umeshinda. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakifikishana mbele ya Bashingantahe kwa sababu ya safu moja ya miti. Ukimuuliza mwenye kupanda, atasema alikuwa anazuia mbwa wake asitoke. Huenda alisema kweli. Lakini ua wa mbwa uliojengwa katikati ya kiwanja chako, hatua kumi kutoka kila mpaka, haumwambii jirani lolote baya. Unamwambia jambo moja jema, kwamba watoto wake wanaweza kupita.

Tuje kwenye hesabu, maana sisi ni watu wa biashara. Kiwanja cha mita 30 kwa 40 kina mzunguko wa mita 140. Ua wa mbwa wa mita 5 kwa 8 una mzunguko wa mita 26, na unamtosha mbwa mmoja wa kienyeji au wawili. Kwa pesa ya wavu wa waya unaozunguka kiwanja kizima mara moja, unaweza kuzungusha ua wa mbwa mara tano na zaidi. Nguzo zikisimama kila baada ya mita 2, unahitaji 13, si 70. Aliyeshindwa kumaliza mita 140 kwa miaka mitatu anaweza kumaliza mita 26 kwa mwezi mmoja. Na ua uliomalizika, hata uwe mdogo, unafaa kuliko ua mkubwa wenye upande wazi.

Ua huo uweje? Nitaeleza nilivyojifunza, mengine kwa kukosea.

Mbwa wengi hawaruki, wanachimba. Kwa hiyo anza chini. Watu huuliza ua uwe na urefu gani kwenda juu, lakini swali la kwanza ni unakwenda kina gani. Wavu ukiishia usawa wa ardhi, katika udongo wetu mwekundu uliolowa mvua, mbwa anamaliza kazi kwa usiku mmoja. Chimba mfereji wa kina cha shubiri mbili, zamisha wavu humo, au ulaze chini nusu mita kuelekea ndani kisha ufunike kwa mawe na udongo. Mbwa huchimba pale pale mguuni mwa uzio. Akikuta waya chini ya kucha zake anaacha. Juu, mita 1.8 inamtosha mbwa wa kwetu.

Nguzo za mkaratusi ndizo rahisi kupatikana, lakini mchwa wanazipenda. Choma sehemu itakayoingia ardhini mpaka iwe nyeusi, izame sentimeta 60, na zile za pembeni uziegemeze kwa mti wa mshazari, kwa sababu wavu uliovutwa huzipindisha. Wavu mwepesi wa kuku usikudanganye. Unafaa kwa vifaranga, lakini mbwa mwenye hasira huupasua kwa meno. Tafuta wavu wa waya mnene. Seng'enge peke yake haifai hata kidogo, kwani mbwa hupita katikati ya nyuzi na kurudi na ngozi iliyochanika.

Matete ni mazuri kwa macho na kwa kivuli, lakini misimu miwili ya mvua huyaozesha, na wakati wa kiangazi, moto wa kuchoma nyasi ukikosea njia, hayaachi kitu. Minyaa ni uzio wa maskini na mimi nauheshimu. Unakata vijiti, unachomeka mwanzoni mwa mvua, mbuzi hauli, na baada ya miaka michache umesimama. Lakini una mambo mawili. Chini huacha nafasi, na mbwa hutokea hapo. Na utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni moto, unaweza kumfanya mtu asione kwa siku kadhaa. Kwa hiyo minyaa ikae nje ya wavu, iwe pazia, na watoto wakatazwe kuivunja.

Kuna wanaozungusha mabati. Mabati humzuia mbwa asione, na mbwa asiyeona hubwekea kila kitu mpaka hakuna anayemsikiliza tena. Tena mabati yanatunza joto. Ni kweli Gitega iko juu, kama mita 1,500 hivi, na Muyinga nayo ni milima, hatuna joto la Kigoma au la Rumonge. Lakini jua la Julai na Agosti, saa saba mchana, ndani ya kisanduku cha bati kisicho na upepo, linaua. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoa kwa kuhema. Akifungiwa mahali ambapo hewa yenyewe ni moto, kuhema hakumsaidii. Ua wake uwe na upande wenye kivuli kutwa nzima, mti au paa la nyasi, na maji katika chombo kizito ambacho hawezi kukipindua.

Geti ndilo lililonishinda mimi, basi sikilizeni. Geti lifunguke kwenda ndani, ili mbwa akilisukuma alibane badala ya kulifungua. Chini yake weka kizingiti cha mawe au zege, nafasi isizidi vidole viwili. Komeo liwe nje, juu, mahali ambapo mtoto mdogo hafiki. Mwenye uwezo aweke mageti mawili na nafasi ya kusimama katikati. Mbwa wengi wanaotoroka hutoka pale mtu anapoingiza chakula.

Hayo yote yanatosha kwa Gitega. Mji umekuwa tangu ulipofanywa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019. Nyumba zinapanda Nyabututsi na kwingineko, na adui wa mbwa wa mjini ni mbwa mwenzake, gari na jirani mwenye sumu. Lakini Muyinga, ambayo tangu mageuzi ya mikoa ya mwaka 2025 imo ndani ya mkoa wa Buhumuza, ina jambo jingine. Upande wa kusini inagusa Hifadhi ya Ruvubu, hifadhi kubwa kuliko zote nchini, yenye zaidi ya hekta 50,000, iliyowekwa mwaka 1980. Humo wamo nyati, viboko, nyani na chui. Wanaolima karibu na mto wanawajua nyani kwa majina ya matusi.

Mbwa anayezurura huko hana maisha marefu. Nyani dume ana meno marefu kuliko ya mbwa, na akizungukwa hakimbii. Chui naye, popote duniani anapoishi karibu na watu, mbwa ni chakula anachokipenda, na anaruka ukuta wa mita mbili kama sisi tunavyoruka mfereji. Kwa hiyo ua wa wazi juu, hata uwe imara namna gani, hautoshi karibu na pori. Ndani ya ua jenga kibanda cha usiku chenye paa la kweli, kuta za mbao nene au matofali, na mlango unaofungwa. Mbwa aingie jua likizama. Zunguka ua wote fyeka nyasi upana wa mita moja au mbili, ili nyoka asipate pa kujificha na wewe upate kuona nyayo asubuhi.

Hapa lazima niseme neno kuhusu mnyororo, kwa sababu ndio "ua" wa wengi. Mbwa aliyefungwa mtini karibu na pori ni chambo. Hawezi kukimbia, hawezi kupigana, na kelele zake zinamwelekeza mwindaji. Mjini mnyororo una ubaya mwingine. Mbwa aliyefungwa mwaka mzima anakuwa mkali kwa kila kinachopita, na siku mnyororo unapokatika, kwa kuwa hukatika, hatoki mlinzi, anatoka fisi.

Wenzetu wametangulia katika jambo hili, na hatuna haja ya kwenda Ulaya kujifunza. Katika nyika za Wamasai huko Simanjiro, Tanzania, wafugaji wameungana na wahifadhi kujenga wanachokiita kuta hai. Wanapanda miti inayochipua haraka iwe ndiyo nguzo, kisha wanafunga wavu wa waya juu yake. Mti hauliwi na mchwa kama nguzo iliyokufa, na kila mwaka unazidi kunenepa. Simba na fisi wameshindwa na maboma hayo. Kenya, karibu na Hifadhi ya Nairobi, kijana Richard Turere alikuwa bado mtoto alipofunga taa ndogo zinazowaka na kuzima kwa zamu kuzunguka zizi la baba yake, na simba wakadhani kuna mtu anatembea na tochi. Kuta hai zingeweza kusimama Muyinga kesho, kwani miti inayochipua kwa kijiti tunayo tangu enzi za wafalme.

Kwa ndugu zangu Waislamu wa Muyinga na wa mtaa wa Waswahili Gitega, nami nikiwa mmoja wao, nina neno. Tunasema mchezea mbwa humfuata msikitini, na wengi wetu tunamfuga mbwa kwa aibu, bila kumpa mahali, kana kwamba asipokuwa na mahali hayupo. Dini imeruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Kinachotusumbua ni najisi ya mate yake, ambayo kwa madhehebu ya Shafi tunaosha mara saba, moja kwa udongo. Je, ni nani mwenye usumbufu zaidi, aliyempa mbwa ua wake na chombo chake mbali na jiko na mahali pa kuswalia, au yule ambaye mbwa wake analala usiku juu ya mkeka wa mtu mwingine?

Wapo watakaosema mbwa aliyefungiwa halindi. Si kweli. Mwizi hamwogopi mbwa kwa meno tu, anamwogopa kwa sauti. Jenga ua wake ukigusana na ukuta wa stoo na ukitazama geti, naye ataona kila anayeingia. Kiwanja kikiwa kimefungwa pande zote, mfungulie ukiwepo. Kikiwa wazi upande mmoja, basi usimfungulie, kwa sababu hulindi mali yako, unawawinda watoto wa watu.

Neno hilo ni kali lakini takwimu zinaliunga mkono. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na katika visa 99 kati ya 100 mwenye kuambukiza ni mbwa wa kufugwa, si mnyama wa pori. Wanne kati ya kila kumi wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna tiba. Kwa hiyo sisi tunaoogopa chui wa Ruvubu tunamwogopa asiyehusika.

Ua peke yake hautamaliza kichaa. Chanjo ndiyo itakayomaliza, na inahitaji mbwa saba kati ya kumi wachanjwe. Wenzetu wa Pemba walifanya hivyo. Ugonjwa ukatoweka kisiwani, ukarudi mwaka 2016 ukitokea nje, wakachanja tena, ukaondoka tena. Kama uliweza kuvuka bahari, tudhani utashindwa kuvuka Kobero? Mbwa hafahamu kituo cha forodha. Anafuata lori la dagaa kutoka Kabanga na hakuna anayemuuliza karatasi. Ndiyo maana naziomba tarafa, kwa heshima, siku ya kuchanja mbwa ipelekwe mpaka vilimani na itangazwe sokoni, na dozi za binadamu ziwepo karibu, si mwendo wa pikipiki mbili. Nasi tuwe wa kwanza kuwafikisha mbwa wetu. Na hapo pia ua una kazi yake, kwani mbwa asiyeshikika hachanjiki.

Nirudi kwenye siku zangu 10. Usiku ule nilimfunga mbwa ndani ya stoo, juu ya magunia ya watu, nikalala mlangoni. Kesho yake sikwenda Kobero. Nilichimba mfereji, nikanunua wavu kwa pesa niliyoiweka kwa ajili ya ukuta wa nyuma. Siku ya tatu jirani alikuja akasimama kando, akatazama, kisha akachukua nyundo bila kusema kitu. Siku zote zilizofuata, asubuhi na jioni, tulikuja wawili kumtazama mbwa akila, tukitafuta katika macho yake jambo ambalo hatukutaka kuliona. Siku ya 10 alikula, akanywa maji, akatikisa mkia. Jirani akasema, "Alhamdulillahi," akaenda kumwambia mama wa mtoto.

Leo mtoto yule anapita mbele ya ua ule akienda kuteka maji. Hupita upande wa pili wa njia, hajasahau, na mimi siwezi kumlaumu. Ukuta wangu wa nyuma haujajengwa mpaka sasa na hakuna aliyeniibia. Mvua za Septemba hazisubiri mtu, na udongo mkavu ni mgumu kuchimba, lakini hushika nguzo vizuri ukilowa. Ndugu yangu uliyerudi jana na wewe unayevuka mpaka kesho, kabla hujanunua tofali la kwanza la ukuta, simama getini kwako, inama, tazama chini.